Mfuko Juu ya Mizani

Lachlan alichomeka kipande cha tatu cha madini ya risasi ndani ya soksi iliyokuwa mfukoni mwa Gregor, akaufunga mfuko taratibu. Vilikuwa vile vipande vizito vya kusawazishia chombo majini, kila kimoja kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Nje, uwanjani Prestwick, dege la mizigo lilikuwa limekwisha kumeza chombo cha kuokolea watu wa nyambizi, kreni yake na matangi ya hewa. Ilibaki nafasi ya dereva mmoja wa chombo hicho. Lachlan alikuwa wa akiba, na mfuko wake alikuwa nao tayari. Bosi alikuwa amemchagua Gregor.

Gregor tena. Alianza kumchukulia mke, Ishbel. Kisha Finlay, mwana aliyemzaa Lachlan mwenyewe, akazoea kumwita Gregor "baba", huku Gregor akimpakia siagi kwenye mkate. Sasa Finlay alikuwa ndani ya nyambizi iliyokwama chini ya bahari ya Norwei. Mfuniko ukifunguliwa, sura ya kwanza atakayoiona iwe ya Gregor? Labda Lachlan awe amekufa.

Sheena wa mizani hufungua kila mfuko. Anayekutwa ameficha uzito hapandi, hata awe nani. Mwaka jana fundi mmoja aliachwa kwa chupa ya wiski ndani ya buti.

Kupitia kioo cha dirisha la ofisi, Lachlan alimwona Gregor akimsihi bosi jambo, mara akamnyooshea Lachlan kidole. Bosi akakataa, akafikiri, akakubali.

"Hata leo ananisengenya," Lachlan alijisemea.

"Enyi wapiga soga, chai mtakunywa mkirudi," Sheena aliita. "Dereva na mizigo yake, mizani hii hapa."

Gregor alitoka, macho mekundu, akaubeba mfuko wake.

"Mbona mzito hivi? Ishbel huyo, kajaza biskuti."

Lachlan alitazama buti zake.

Gregor aliutua mfuko juu ya mizani, akamgeukia Lachlan.

"Nimemwomba bosi uende wewe. Mimi nimemlea tu, Lachlan. Kijana akitoka kule, amwone baba yake. Nenda na mfuko huu, sweta aliyomfumia mama yake imo humo."

"Kwa hiyo mifuko yote miwili ni yako, baba Finlay?" Sheena alimuuliza Lachlan, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kuvuta zipu.