Siku ya Mvua Uwanjani

Kila Januari klabu yetu ya kriketi huikabidhi manispaa kumbukumbu moja, ndipo uwanja unabaki wetu kwa mwaka mwingine. Mashine huitoa kichwani mwa mwanachama, na ikishatoka hairudi. Historia yote ya klabu sasa imo kwenye jengo lao nyuma ya soko. Sisi tumebaki na nyasi.

Mwaka huu zamu ilimwangukia mume wangu, Mhina. Karani alitaka moja kati ya mbili: siku alipopata mikimbio mia dhidi ya Korogwe, au siku ya mvua aliponiona mara ya kwanza, nikigawa chai na sambusa wakati wa mapumziko.

"Chagua wewe, mke wangu," Mhina aliniambia.

Nilijua anavyoipenda ile mia yake. Huwasimulia hata wauza maji. Nikaweka alama kwenye mvua. Karani akatuonya kwamba kumbukumbu hutoka na mizizi yake. Nikasema haidhuru, nikatia sahihi.

Walipomaliza kuitoa tukapitiliza uwanjani, maana kulikuwa na mechi. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri. Wakati wa mapumziko sisi wake wa wachezaji tukapita na mabirika, kama ilivyo desturi. Nikammiminia Mhina chai, sukari vijiko vitatu, nikampa na sambusa.

Akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, dada," akasema. "Kaa basi, nikusimulie nilivyopata mia dhidi ya Korogwe."

Nikakaa.