Mgeni wa Kitambaa Cheupe

Kinyozi alikuwa na wembe shingoni mwa mteja, na hapo ndipo alipopenda kuhubiri. Mteja angekimbilia wapi?

"Kumpenda Mungu ni kukua, kama mti," alisema, akifuta povu. "Mwaka jana nilikuwa nampenda hivi." Akaonyesha kidole. "Sasa nampenda hivi." Akanyoosha mkono mzima, wembe ukiwa humo humo mkononi. Mteja akafumba macho.

Watu walimwita Magoti. Maana huyu bwana alikuwa na sugu mbili magotini, ngumu kama visigino, na kaptura alivaa hata siku za baridi ili zionekane. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea, alikwenda kanisani kumwabudu Yesu wa Ekaristi, saa nzima. Rozari moja shingoni, nyingine mfukoni, ya tatu ameining'iniza kwenye kioo cha wateja.

Nyumbani alikuwapo mama yake mzazi, kitandani. Kiharusi kilimlaza, na ilibidi ageuzwe kila asubuhi, la sivyo mgongo unatoka vidonda. Sasa mkewe Magoti ni mwembamba kama ufagio, na yule mama, Mungu ambariki, siku za uzima wake alikula vizuri.

"Baba watoto, nishikie miguu tu," mke alimwambia, Magoti akiwa tayari mlangoni. "Mara moja tu, uende."

"Yesu ananisubiri, mke wangu. Nikifika nimwambie nimechelewa kwa nini? Kwa miguu?"

"Mwambie ni ya mama yako."

Lakini Magoti alishatoka.

Darajani alipishana na padre kila siku, yeye anakwenda, padre anakuja. "Tumsifu Yesu Kristu, Padre," Magoti aliamkia, sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Padre kimya. Mkono kifuani, anainamisha kichwa kidogo, anapita. Jambo hilo lilimkera mpaka alipojipatia jibu mwenyewe: wivu. Padre ameona kuna muumini anamzidi.

Siku zile kanisa lilikuwa linapakwa rangi, maturubai kila mahali, hata altareni. Padre alitangaza mengi kuhusu kazi hiyo, ila Magoti matangazo yakianza hufumba macho akasali. Ya dunia hayo. Yeye alipiga magoti kwenye vumbi la chokaa, akaikazia macho ile taa nyekundu, alama kwamba Yesu yumo, iliyomulika kule mbele, chini ya turubai. Tena safari hii akabarikiwa zaidi, maana alisikia mvumo. Mmmm, hivi, mtamu, kama nyuki wako mbali. Machozi yakamtoka. Siku nzima akawavumia wateja masikioni ili nao waonje.

Basi akaja kunyolewa fundi redio, jirani yake, mtu ambaye mdomo wake hauna breki.

"Magoti, wewe ukitoka tu, kwako anaingia mgeni."

"Mgeni gani?"

"Simtaji. Ila mkeo anamtandikia kitambaa cheupe mezani, anamwashia na mshumaa. Mshumaa, ndugu yangu, na jua limeshatoka. Wewe uliwashiwa mshumaa lini?"

Wembe ukasimama.

"Namjua?"

"Si kila siku unatuambia ni rafiki yako?" Fundi redio akacheka peke yake. "Malizia na upande huu, bwana."

Jioni Magoti akaikagua nyumba kama polisi. Kitambaa kipo, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Tone la nta mezani. Na mama yake amelazwa upande mwingine kabisa, shuka imenyooka.

"Nani amekusaidia kumgeuza?"

"Nimepata mtu," mke alisema, akichambua mboga, hata hakuinua kichwa. "Huyo haniambii anasubiriwa."

Usingizi ungetoka wapi tena.

Kulipokucha akajivika rozari yake, akaaga, akavuka daraja kama kawaida. Kisha akajibanza nyuma ya ghala la saruji. Akasali fungu moja la rozari, na kila Salamu Maria akamwelezea Mama wa Mungu atakachomfanya huyo mgeni. Alipomaliza akarudi mbio, wembe mfukoni, akausukuma mlango kwa bega.

Mshumaa unawaka. Padre amekunja mikono ya shati, stola, ule utepe wa kipadre, shingoni, amemshika mama kwapani. Mkewe ameshika miguu, anahema.

Magoti akasimama, mkono umekwama mfukoni.

"Kumbe mgeni ni wewe, Padre?"

"Mimi mbebaji tu," padre alisema. "Mgeni ameshapokelewa."

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, kilikaa kile kikopo kidogo cha dhahabu cha kubebea Ekaristi. Kiko wazi, hakina kitu.

"Lakini Yesu yuko kanisani," Magoti alisema. "Mimi nashinda naye kule. Taa nyekundu inawaka, nasikia hadi mvumo."

Padre akakohoa. "Sakramenti tuliihamishia kwa masista tangu mafundi rangi waingie. Nilitangaza. Ile taa ni ya chaja. Tunachajia pale betri ya spika."

Yule mama, mdomo umepinda lakini haujastaafu, akamgeuzia mwanawe lile jicho lililo zima.

"Unapishana naye darajani kila asubuhi," alisema polepole, "unamwamkia aliyembeba. Haya, shika miguu."