Taa Mpya za Gari Jekundu

Na ijulikane kwa wote, wa karibu na wa mbali, wenye magari na waendao kwa miguu, kwamba leo hii adhuhuri gari jekundu la michezo, la milango miwili, lililowazidi umri nusu ya watu wa mtaa huu, litapata macho mapya na kuushinda usiku daima dumu.

Tangazo hilo alilitoa Mjomba akiwa amepiga magoti mbele ya bampa, kaptura imechanika makalioni, akitafuta nati iliyomdondoka. Nati ilikuwa mbele ya pua yake. Aliipapasa sakafu yote kabla ya kuipata.

"Mafuta mikononi," alijitetea.

"Au uzee," alisema mpwa wake, binti aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, ambako walimu hushusha pumzi kila muhula unapofungwa.

"Uzee ni wa gari, Profesa. Mimi bado mbichi."

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Mwezi uliopita, wakati wa magharibi, Mjomba aliliparuza gari kwenye nguzo ya lango lake mwenyewe. Alizilaumu taa: za kizamani, mwanga wa kuazima, hata mende hawazikimbii. Dada yake, mama wa binti, hakutaka kusikia. Alitafuta mnunuzi, na mnunuzi angefika alasiri hiyo. Ila asubuhi, akimenya viazi jikoni, alimtazama kaka yake aliyelifufua gari lile bolti kwa bolti kutoka kwenye rundo la chuma chakavu, akalegea.

"Haya, kaka. Weka hizo taa zako. Zikiwaka, mnunuzi atasubiri, na jioni napanda nawe mpaka barabara kuu. Ukinirudisha mzima, huyo mnunuzi nitamfukuza mwenyewe."

 Mjomba alikwenda kunawa mikono, na mikono ilikuwa safi.

Kazi yenyewe aliijua. Aling'oa taa za zamani, akapachika za LED, zile ambazo kioo chake hakipati moto hata ukikigusa. Akapitisha waya mpya na rilei, kidude cha kubeba mzigo wa umeme, ili swichi kuukuu isiungue. Vidole vyake vilitembea juu ya waya kama vya mtu anayechambua mchele.

"Huu rangi gani, Profesa? Tuone kama ada inafanya kazi."

"Mwekundu."

"Na huu?"

"Mweusi."

"Hongera. Umefaulu kwenda kidato kinachofuata."

Gari lilikuwa limeutazama ua, na jua la saa sita limejaa tele. Aliyekaa kwenye usukani hawezi kujua kama taa zimewaka. Kwa hiyo wakafanya kama wafanyavyo mafundi wote: mmoja hubonyeza, mwingine husimama mbele na kutoa habari.

Hapo ndipo utundu ulipompanda binti kichwani.

Rilei ililia *tak*. Taa zote mbili zikaripuka kwa weupe mkali, binti akafumba macho, na madoa ya kijani yakamwogelea chini ya kope. Zilikuwa nzuri kupita kiasi.

"Vipi?"

"Hazijawaka, Mjomba."

Alikusudia uongo mmoja tu, kisha wacheke wote. Lakini Mjomba alishuka kwa adabu, akakwangua kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi ya gari, akarudi kitini. *Tak.*

"Sasa?"

"Giza tupu. Labda zinaona aibu."

Akabadilisha fyuzi. *Tak.*

"Na sasa?"

"Mjomba, wamekuuzia vifuniko vya sufuria."

Binti alingoja hasira. Hasira haikuja. Kila alipoambiwa hazijawaka, Mjomba alizidi kuchangamka. Alianza hata kupiga mluzi. Binti akamtolea ulimi, waziwazi, mbele ya kioo cha gari. Mjomba alitabasamu tu, kwa upole. Binti akaona kibali kimetolewa, akaendelea.

"Mmemaliza huko?" mama aliita kutoka jikoni. "Yule mtu amepiga simu, yuko njiani!"

"Hazijawaka!" Mjomba alijibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi. "Hazijawaka kabisa!"

Binti akaacha kucheka. Mnunuzi njiani, na yeye bado anacheza.

"Mjomba, basi. Mimi nilikuwa..."

"Ngoja kwanza. Swichi nimeiacha hivyohivyo. Nakuja kujionea mwenyewe."

Amekamatwa. Aliinamisha kichwa, shingo tayari kwa kofi, na moyoni akachagua maneno ya kuombea msamaha.

Mjomba alikuja taratibu, kiganja kikipita juu ya bodi, kutoka mlangoni hadi kwenye boneti, kutoka boneti hadi kwenye bampa. Akachuchumaa. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha taa. Mwanga ulimjaa usoni hata mikunjo yote ikafutika. Binti, hatua kadhaa nyuma yake, alijikinga kwa mkono.

Mjomba hakupepesa. Aliikodolea macho taa ya kushoto, akaikodolea ya kulia, kisha akashusha pumzi ndefu na kuanza kucheka.

"Umesema kweli, Profesa! Hata dalili hakuna! Na mimi muda wote huu naogopa, usiku silali, nikidhani ni macho." Alijifuta shavu kwa kiganja. "Kimbia, kamwambie mama yako. Ni taa tu."

Mpwa huyo ni mimi. Sikukimbia. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Mjomba, zinawaka tangu mara ya kwanza."