Maskini Tisa wa Laurenti

Billow, mkalimani wa bwana mkubwa, Mzungu aliyetawala wilaya, alifika kwenye kibanda cha chai cha Raho mara mbili siku moja, na mara zote mbili hakunywa chai.

Mara ya kwanza aliuliza Gelle yuko wapi. Raho akamjibu kwamba mume wake yuko malishoni na ngamia. Ulikuwa uongo, na Billow aliujua. Mara ya pili alisimama nje ya mlango, akaongea huku akitazama barabara.

"Abaayo, dada yangu, mwambie Gelle asipande kwenye mchezo. Wala wenzake."

"Umetumwa na nani?"

"Leo sijatumwa."

Akaenda zake. Raho alitema mate chini. Kwa miaka kumi na miwili mtu huyo alikuwa ulimi wa serikali. Kila faini ya mifugo, kila amri ya kuhama kisima, watu waliisikia kwanza kinywani mwa Billow.

Mchezo wenyewe uliletwa na wanafunzi sita wa chuo kikuu waliokuwa wakizunguka na lori wakati wa likizo. Mwaka ule wa 1949 walifika hadi kituo hicho kidogo kando ya mto Tana, mwendo wa siku moja kusini mwa Garissa. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha juu ya Laurenti, mtakatifu wa Wakatoliki. Liwali wa Roma anamwamuru alete hazina yote ya kanisa. Laurenti anaomba siku tatu, kisha anamletea maskini wa mji: vipofu, viwete, wajane. Hazina ndiyo hii, anasema. Liwali anapandwa na hasira, anambanika juu ya makaa, naye Laurenti anamwambia upande huu umeshaiva, nigeuze.

Sheikh wa hapo alikuwa na shaka na mtakatifu wa Wakristo. Aliyemtuliza ni Mursal, kijana wa Kisomali kutoka Isiolo, ambaye ndiye angekuwa Laurenti. Alieleza kwamba hapatakuwa na msalaba wala sala. Ni kisa cha mtawala dhalimu tu, na dhalimu hana dini.

Kisha alikuja kibandani kwa Raho, akamwita eddo, kama mtu anavyomwita shangazi yake, akanywa vikombe vitatu. Alimnong'oneza kwamba liwali atavaa kofia kubwa ya kizungu na kuvuta kiko, kama mtu fulani wanayemjua wote. Raho alicheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa hajacheka mwaka mzima. Tangu serikali ilipokipiga marufuku chama cha vijana, wanaume walikutana kwa siri, na Gelle, katibu wao, alilala leo hapa, kesho pale.

Kilichobaki ni maskini, Mursal alisema. Alitaka watu wa hapa hapa. Kila mmoja asimame mbele ya liwali, ataje jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha amtupie neno moja la dhihaka.

"Mwenye hofu hawezi, eddo. Nitafutie wasio na hofu."

Raho aliwajua wasio na hofu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akapata wanane, na wa tisa akawa Gelle. Gelle alisita, alisema siku hizi jina ni kitu cha kufichwa. Raho akamwambia mchezo ni mchezo, na hakuna aliyewahi kufungwa kwa kuwa maskini wa Roma. Maneno ya Billow hakumwambia.

Walicheza baada ya sala ya alasiri, uwanjani mbele ya maduka. Bwana mkubwa alikaa mstari wa mbele, Billow kando yake. Liwali alipoingia na kiko chake, watu waliacha kupumua. Bwana mkubwa akawa wa kwanza kucheka. Hapo uwanja mzima ukalipuka.

Maskini walipanda mmoja mmoja. Wa kwanza alimwuliza liwali kama huko Roma nako ng'ombe hutozwa faini. Gelle alipanda mwisho. Alitaja babu zake hadi wa saba, ingawa aliombwa mmoja tu, kisha akasema, "Liwali, ulitukuta hapa, na sisi ndio tutakaokuzika."

Raho alipiga kigelegele. Bwana mkubwa alipiga makofi hadi viganja vikamwiva. Billow peke yake alitazama chini. Kabla ya magharibi, lori la wanafunzi lilikuwa limeshatimua vumbi kuelekea Garissa.

Asubuhi askari walikuja. Hawakuuliza wala kupekua. Walikwenda moja kwa moja kwenye nyumba tisa, na Gelle akafungwa pingu akiwa bado na udhu.

Raho hakulia. Alijipikia hasira yake pamoja na chai, akabeba birika likitoka mvuke na kwenda nalo ofisini, ammwagie Billow usoni mbele ya bwana wake. Wanawake wakamfuata, kila mmoja akiulaani ulimi wa serikali.

Uani kwa ofisi wanaume walikuwa wameketishwa mchangani kwa mnyororo mmoja. Raho aliwahesabu. Walikuwa kumi. Wa kumi alikuwa Billow, mdomo umevimba, shati limechanika begani.

Barazani bwana mkubwa alikuwa akisoma majina kwenye karatasi. Alipofika kwa Gelle ulimi ukamkwama, akarudia mara mbili, akashindwa. Ndipo Mursal, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mkalimani, akamsaidia.