Neno Alilonitunzia Mtani

Siku hizi nyumba hufunguka kwa sura, na sura ikikataa, kuna neno la akiba. Kisheria neno hilo hulijui mwenyewe. Hutungwa na kutunzwa na mtu mwingine. Wengi huchagua ndugu. Mimi Mngoni nilimchagua jirani yangu Kiswaga, Mhehe, kwa sababu mtani humwiti akakukatalia.

Jana nilitoka kuanua nguo, nyigu akaniuma karibu na jicho. Uso ukaumuka kama andazi. Mlango ukanitazama, ukasema, "Sikutambui." Ndani mwanangu Tulizo alishaamka, analia, na maharage yalianza kunuka kuungua.

"Mtani, njoo unifungulie!"

Kiswaga alikuja mbio, lakini mtani ni mtani. "Wangoni wenye sura mbaya nawajua, ila wewe umezidi!"

"Siku ya kukuzika nitacheka mimi. Mtoto analia!"

Akaacha mzaha. Akauinamia mlango, ukamtazama usoni, akaunong'oneza neno ambalo mimi silijui, nao ukafunguka. Nilimkumbatia Tulizo nikilia kwa shukrani.

Leo uvimbe umekwisha. Nimempelekea Kiswaga jogoo, na bado naona sijamshukuru vya kutosha, basi nikamkaribisha chakula. Tulipofika kwangu, mlango ulifunguka kabla sijausogelea.

"Karibu nyumbani, Kiswaga," ukasema. "Na huyu mgeni wako, aingie?"

Nilimtazama mtani wangu, nikisubiri utani.

"Aingie," alisema, bila kucheka.

Nikamshukuru tena.