Asilimia Tisini na Saba

Programu ya redio tuliyokuwa tukiijenga kwenye kompyuta kutoka kwenye msimbo wake ilifika asilimia tisini na saba, kisha ikamwaga mistari myekundu ya makosa. Mara ya nne.

“Andika amri tena,” baba akasema.

“Hata nikiandika mara mia, baba! Inadai kifurushi ambacho hatuna.”

“Basi rudisha ile ya zamani.”

“Si uliifuta mwenyewe asubuhi? Nilikwambia mpya ikae sawa kwanza.”

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati.

Zilibaki dakika mbili kufika saa kumi. Kila Jumamosi saa kumi, baba na baba mkubwa huandikiana redioni kwa programu hiyo, inayogeuza maandishi kuwa milio na milio kuwa maandishi: mawimbi yakoje, mvua imenyesha? Kusemeshana waliacha miaka sita iliyopita, walipogombania kiwanja cha babu. Simu hawapigiani. Na keshokutwa baba mkubwa anapasuliwa moyo.

“Jaribu tena, mwanangu.”

Nikazima kompyuta. Nikatoa maikrofoni kwenye droo. Mpira uliofunga waya wake ulikuwa umekauka, ukanikatikia mkononi. Nikaichomeka kwenye redio.

“Unafanya nini wewe?”

“Hii haihitaji kujengwa.”

Saa kumi kamili, spika ikatoa milio ya baba mkubwa, milio ambayo bila programu hatukuweza kuisoma. Kisha kimya.

Nikamwekea baba maikrofoni mkononi.

“Anakusubiri.”

Kidole chake kikaelea juu ya kitufe cha kuongelea. Akakohoa mara mbili, kisha kitufe kikalia, tik.