Keki ya Mkono wa Mama

Dainess aliiweka mezani keki nzuri kuliko zote alizopata kuwa nazo, akaanza kuiharibu. Aliikwangua ukingoni kwa kisu, akaibonyeza katikati kwa kidole gumba, kisha akaibabua chini kwa kaa la moto. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Sasa ilifanana na keki ya mama mwenye mapenzi mengi na jiko bovu.

Si kwamba aliipenda dhambi hiyo. Mwalimu Mkuu, Hezron, ndiye aliyetangaza kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba tamasha la kwaya la kufunga mwaka lingekuwa na kitindamlo, na kila mama alete alichopika kwa mikono yake mwenyewe, maana mapenzi ya mama hayauzwi dukani. Mshindi angekuwa mwenyekiti wa kamati ya kwaya. Wazazi waliulizana siku mbili nzima kitindamlo ni kitu gani. Mmoja akaandika, "Keki," na mjadala ukafungwa.

Dainess, aliyeshinda kiwandani akipaki majani ya chai, alijaribu mara mbili. Keki ya kwanza ililala kama chapati. Ya pili kuku waliizunguka, wakaitafakari, wakaenda zao. Ndipo akapanda bodaboda hadi Masukulu, kwa mjane mmoja aitwaye Ikupa, aliyesifika kwa keki za harusi. Alimsihi asimwambie mtu. Ikupa akamjibu kwamba yeye anauza keki, hauzi habari.

Siku ya tamasha mvua ilinyesha, kama kawaida ya Tukuyu kukiwa na shughuli. Ukumbini, keki kumi na tano zilipangwa kwenye meza ndefu. Dainess alizipitia moja moja. Hii imebonyea, ile imeungua pembeni, nyingine imepinda kama kofia ya mlevi. Hizi ndizo keki za wanawake waaminifu, aliwaza, na moyo ukamsuta. Bahati nzuri hakuna mama aliyemwuliza mwenzake ameipikaje yake.

Mara akamwona Ikupa. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, kajifunga kitenge kipya, anampungia mkono mjukuu wake aliyesimama katikati ya kwaya. Mtoto alikuwa amehamia shuleni hapo muhula ule ule, na Dainess hakuwa na habari.

Kwaya ilikuwa imeandaa nyimbo nane. Iliimba mbili, kisha mgeni rasmi, Bwana Jairo, mnunuzi wa parachichi, akashauri watoto wapumzike kidogo ili shughuli yenyewe ianze. Alionja, akafumba macho, akaonja tena. Watoto walisimama pale pale na sare zao, wakimtazama anavyotafuna.

Alipofika kwenye keki ya mwisho akasita. Ilikuwa laini, duara kamili, haina hata ufa.

"Hii imenunuliwa," alisema. "Nani kaileta?"

Ikupa akasimama. Alieleza kwa upole kwamba ameioka mwenyewe, nyumbani kwake, kwa ajili ya mjukuu wake. Bwana Jairo akatabasamu kama mtu asiyedanganyika kirahisi, akauliza kama yupo mzazi yeyote wa kumshuhudia.

Mvua ikazidi kupiga juu ya bati. Dainess alitazama viatu vyake. Neno moja tu lingetosha, lakini neno hilo lingemuumbua yeye kwanza. Aliinua macho kwa kuiba, akaona akina mama wenzake nao wanatazama viatu vyao, akawalaumu kimoyomoyo kwa kuwa na roho ngumu kiasi kile mbele ya mjane.

Keki ya Ikupa ikaondolewa mezani. Mwalimu Hezron akatoa nasaha fupi, ya dakika ishirini, juu ya uaminifu. Kisha Dainess akatangazwa mshindi kwa sababu keki yake, alisema mgeni rasmi, ilikuwa na kasoro ambazo upendo peke yake ndio unaoweza kuzifanya. Alipigiwa makofi hadi binti yake, Doreen, akatokwa na machozi ya fahari. Kwaya ikaimba wimbo wa tatu, ambao ndio uliokuwa wa kufungia.

Watu walipokwisha kutoka, Dainess alimfuata Ikupa kibarazani, akamkuta anammegea mjukuu wake ile keki iliyokataliwa. Akapiga goti.

"Ndaga fijo, mama," alimshukuru kwa sauti ya chini. "Umenisitiri. Naomba unisamehe."

Ikupa hakuwa na kinyongo. Alimfuta mtoto makombo mdomoni, kisha akageuka.

"Yamekwisha, mwanangu. Wenzako wote wameshapita hapa kuniomba radhi," alisema. "Ila mwakani mniagize mapema. Keki kumi na nne kwa siku mbili, nusura huyu mtoto akose yake."